Ana sonona na dawa haijamsaidia vya kutosha: mwili wake upimwe nini?

Swali: Dada yangu ana miaka 39, ni mwalimu wa shule ya msingi Iringa. Alijifungua mtoto wa tatu miezi 14 iliyopita. Alitokwa na damu nyingi mno, akaongezewa chupa mbili, na maziwa hayakumtoka sawasawa. Mtoto alipofika miezi mitano hivi, dada akaanza kubadilika: kachoka kutwa, analala sana, hana hamu na chochote, anasahau, anasema yeye ni mzigo tu. Ametibiwa malaria na taifodi mara nne, UTI mara mbili. Mwishowe hospitali ya rufaa wakasema ni sonona, wakampa fluoksetini miligramu 20. Sasa ni wiki ya tano, nafuu ni kidogo. Bado anameza Aldomet aliyoanzishwa akiwa mjamzito kwa ajili ya presha, na anachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Mama anasema aache hiyo dawa ya sonona, apimwe mwili mzima kwanza. Je, ni sahihi? Na apimwe nini hasa?

Jibu: Mama yenu amesema mambo mawili. La kupima mwili ni sawa kabisa, na lilipaswa kufanyika siku ile ile alipoandikiwa dawa. La kuacha dawa, hapana. Katika vipimo nitakavyovitaja hakuna hata kimoja kinachohitaji fluoksetini iachwe kwanza. Dawa hii huanza kuonyesha kazi yake kati ya wiki ya 2 na ya 4, na hukumu yake hutolewa wiki ya 6 mpaka ya 8. Akiiacha leo atapoteza wiki tano alizokwisha kuzivumilia. Aendelee nayo huku anapimwa.

Lipo jambo linalotangulia vipimo vyote. Amesema yeye ni mzigo. Muulize leo, mkiwa wawili tu, kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga utafanyaje?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi humtua. Akikubali kwamba anafikiria au amepanga, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za shambani pamoja na vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe mahali asipopafikia. Vivyo hivyo asisubiri miadi akipata homa na kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja, au kichwa kipya kinachouma zaidi alfajiri na kuambatana na kutapika. Na mtu ambaye asubuhi anazungumza vizuri, mchana hajui yuko wapi, jioni karudi sawa, huyo usimwite mgonjwa wa sonona hata kama kanyamaza na kainama tu. Akili inayopanda na kushuka ndani ya siku moja ni dalili ya ubongo kuathiriwa na ugonjwa wa mwili, na hiyo ni dharura. Jaribio rahisi la nyumbani: mwambie ataje miezi kuanzia Desemba kurudi Januari. Mwenye sonona atakwenda polepole lakini atafika. Aliyechanganyikiwa atapotea njiani.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Sonona haina kipimo cha damu. Hutambuliwa kwa mazungumzo, na dodoso linalotumika sana ni PHQ-9: maswali 9, kila moja alama 0 mpaka 3, jumla 27, na anayefikisha 10 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Tatizo ni kwamba maswali manne kati ya hayo yanahusu usingizi, uchovu, hamu ya kula na kushindwa kutuliza akili. Mtu aliyepungukiwa damu, bila huzuni yoyote, anaweza kujibu "karibu kila siku" kwa yote manne akapata 12. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kwa vituo visivyo na daktari bingwa wa akili unamtaka mhudumu aondoe kwanza upungufu wa damu, utapiamlo, tezi ya shingo iliyopungua kazi, pombe na dawa za kulevya, na madhara ya dawa kama steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio). Hata zahanati inaweza kulianza hilo.

Yanayoelekeza zaidi kwenye sonona yenyewe ni kupoteza raha ya vitu vyote, kujiona hafai, hatia isiyo na sababu na kutamani kufa. Dada yako anayo. Kwa hiyo sidhani aliyempa dawa alikosea. Ninachoshuku ni kwamba kazi iliishia nusu: sonona ipo, na huenda kuna kitu cha mwili kinachoilisha kila siku. Mambo matatu katika barua yako yananifanya niseme hivyo, nayo ni Aldomet, damu aliyopoteza, na maziwa yaliyokataa kutoka.

Anzeni na mfuko wa dawa

Chukueni mfuko mmoja, mtie ndani kila kitu anachomeza, anachojidunga, anachojipaka na anachokunywa, pamoja na dawa za mitishamba na virutubisho vya kununua mitandaoni. Kisha andikeni kwenye karatasi moja mistari miwili ya tarehe: juu tarehe ambayo kila dawa ilianza au iliongezwa, chini tarehe ambayo kila dalili ilianza. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha bei kubwa, na haigharimu kitu.

Aldomet ni methildopa. Ni dawa nzuri kwa presha ya ujauzito kwa kuwa ni salama kwa mtoto tumboni, lakini hufanya kazi ndani ya ubongo, na usingizi, uchovu na huzuni ni madhara yake yanayojulikana tangu zamani. Miongozo ya Uingereza inaagiza ibadilishwe ndani ya siku 2 baada ya kujifungua, kwa sababu hiyo hiyo. Dada yako anaendelea nayo mwezi wa 14. Tena, presha iliyozaliwa na ujauzito kwa kawaida huondoka ndani ya wiki 12 baada ya kujifungua. Yawezekana kabisa anatibiwa ugonjwa ambao hanao tena, kwa dawa inayomlaza. Lakini asiikate mwenyewe: ikikatwa ghafla presha inaweza kuruka juu. Apimwe presha asubuhi na jioni kwa siku 7, majibu yaandikwe, na daktari aamue kama ataipunguza mpaka iishe au ataibadilisha kwa nyingine kama amlodipini. Kama nafuu itatoka upande huu, itaonekana ndani ya wiki chache.

Sindano ya uzazi wa mpango: baadhi ya wanawake hushuka moyo baada ya kuianza, wengi hawapati shida yoyote. Hapa tarehe ndiyo huamua. Kama alichoma ya kwanza mwezi wa pili na mabadiliko yakaja mwezi wa tano, inafaa kuzungumza na mtoa huduma kuhusu njia isiyo na homoni, kama kitanzi cha madini ya shaba, ingawa kwa mtu aliyepungukiwa damu kitanzi hicho huongeza hedhi. Asiache njia bila kuwa na nyingine mkononi.

Kuna vitu viwili ambavyo mgonjwa hatavitaja asipoulizwa kwa upole. Cha kwanza ni vidonge vya kunenepa na kuleta hamu ya kula, ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni vilivyonunuliwa dukani bila cheti. Steroidi hubadilisha hisia kulingana na kipimo. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya waliomeza prednisoni miligramu 40 au pungufu kwa siku, na asilimia 18.4 ya waliozidi 80. Akishaizoea kwa wiki kadhaa na kuiacha ghafla, tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, naye huanguka kwa uchovu, kizunguzungu na huzuni. Cha pili ni mkorogo. Krimu za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, ambayo ni steroidi kali inayopenya ngozi ikipakwa mwili mzima, na nyingine zina zebaki. Zebaki huharibu figo, na huleta mtetemo wa mikono, kukosa usingizi, wasiwasi na huzuni. Usimhukumu, muulize tu anapaka nini, na mlete chupa.

Kwa wasomaji wengine wenye wagonjwa wao: tazameni fenobabitoni na levetirasetamu kwa wenye kifafa, efavirenzi kwa waliobaki kwenye dawa za zamani za VVU, saikloserini kwa wanaotibiwa TB sugu, na interferoni. Dolutegraviri huwanyima wengine usingizi; mara nyingi kuimeza asubuhi badala ya usiku hutosha. Pombe ihesabiwe kwa ukweli, gongo na mnazi vikiwemo. Huzuni iliyoletwa na pombe hupungua sana ndani ya wiki 2 mpaka 4 za kutokunywa kabisa. Ila anayekunywa kila siku asiache peke yake nyumbani, maana kutetemeka na degedege vya siku za kwanza vinaweza kuua.

Mwili uguswe kabla ya sindano kuchukua damu

Uchunguzi wa dakika kumi huelekeza vipimo, na bahati mbaya ndio unaorukwa. Ombeni uzito ulinganishwe na wa kadi ya kliniki ya mwaka jana. Presha ipimwe amelala, kisha amesimama dakika 1 na dakika 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kuna sababu ya kutafutwa. Mapigo ya moyo yahesabiwe dakika nzima. Chini ya 60 kwa mtu asiye mwanamichezo, mwenye ngozi kavu, sauti nzito na uso uliovimba kidogo, hunielekeza kwenye tezi ya shingo. Zaidi ya 100 akiwa ametulia hunielekeza kwenye upungufu wa damu au tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Shingo ipapaswe akimeza mate, kama kuna rovu. Ndani ya kope, ulimi na viganja vitazamwe kama vimepauka. Goti ligongwe: mguu ukiruka kisha ukarudi polepole kama unaozama, tezi imepungua kazi. Mistari ya viganja na fizi zilizoingia weusi mpya, pamoja na kukonda na kutamani chumvi, ni dalili za tezi za juu ya figo kuchoka, na kwetu TB ni mojawapo ya sababu zake.

Damu: duru ya kwanza

Kwa dada yako ningeomba hivi: picha kamili ya damu (FBP), TSH *pamoja na* T4 huru (TSH ni homoni inayoiamrisha tezi ya shingo, T4 ni ile ambayo tezi yenyewe hutoa), sukari ya asubuhi kabla ya kula, sodiamu, potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo), VVU, kaswende, na kipimo cha mimba. Basi. Vingi hupatikana hospitali ya mkoa, na baadhi hata wilayani.

FBP ndiyo ya kwanza kwa mtu aliyepoteza damu nyingi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya 12 ni upungufu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Iringa iko juu ya mita 1,500, na mwili unaoishi mwinuko huo hutengeneza damu nyingi zaidi, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hupandisha kikomo kwa wanaoishi huko. Jibu la 12.2 likisomwa kwa macho ya Dar es Salaam litaitwa zuri, na huenda si zuri. Msitosheke na namba hiyo moja. Tazameni MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Chini ya 80 mara nyingi ni madini ya chuma yamekwisha. Juu ya 100 fikirieni vitamini B12, foliki, pombe, au tezi ya shingo. Feritini hupima akiba ya chuma. Chini ya 15 akiba imekwisha, lakini maambukizi hupandisha feritini kwa uongo, hivyo mwenye maambukizi huhesabiwa kuwa na upungufu hata akiwa chini ya 70. Chuma kinaweza kwisha mtu akachoka kabla himoglobini haijashuka.

Akikutwa na upungufu wa chuma, ferasi salfeti ya miligramu 200 mara moja kwa siku hutosha wengi, na wakisumbuliwa na tumbo humeza siku moja, wakaruka moja. Inayoharibu tiba hii kila mahali ni chai. Kikombe cha chai ya rangi pamoja na kidonge huzuia sehemu kubwa ya chuma, kwa hiyo kidonge kimezwe saa moja au zaidi mbali na chai, kwa maji au juisi ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Himoglobini ipimwe tena baada ya wiki 4. Ikiwa haijapanda hata 1, ama hamezi, ama damu bado inapotea mahali, hedhi au minyoo ya safura. Ikishafika sawa, aendelee miezi 3 ili kujaza akiba. Wengi huacha hapo hapo wanapojisikia vizuri, na miezi sita baadaye wamerudi walikotoka.

Tezi ya shingo inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanana na sonona kuliko ugonjwa mwingine wowote. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Richard Asher alieleza wagonjwa 14 waliokuwa wamechanganyikiwa akili kwa sababu ya tezi iliyokufa kazi, na wengi wao walipona kwa kupewa homoni ya tezi tu. Kati ya wanawake waliojifungua, tezi huweza kuvimba ndani ya mwaka wa kwanza. Miezi ya mwanzo hufanya kazi kupita kiasi, moyo ukadunda na mama akakonda. Kisha, kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 8 hivi, hushuka. Dada yako alianza kubadilika mwezi wa tano. Muulizeni kuhusu kusikia baridi wenzake wakiwa sawa, choo kigumu, nywele kudondoka, sauti kubadilika, na kunenepa bila kula zaidi.

TSH ya kawaida ni takriban 0.4 mpaka 4.0. Ikipita 10 na T4 ikiwa chini, jibu liko wazi, na dawa ni levothairoksini, yaani homoni ya tezi kwa kidonge. Ikiwa kati ya 4 na 10 huku T4 ikiwa sawa, tulieni. Irudiwe baada ya miezi 2 mpaka 3, maana nyingi hushuka zenyewe. Majaribio 21 yaliyojumlishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kuwapa dawa watu wa kundi hili hakukuwapunguzia uchovu wala kuboresha maisha yao. Hapa ndipo mtu mwenye sonona huambiwa "ni tezi tu", akaachishwa dawa iliyokuwa inamsaidia kwa ajili ya TSH ya 5.6. Msikubali hilo.

Mambo mawili hudanganya kipimo hiki. Vidonge vya nywele na kucha vyenye baiotini viachwe siku 3 kabla. Na mtu asipimwe tezi akiwa amelazwa kwa nimonia au malaria kali, kwa sababu ugonjwa mkali wenyewe huvuruga namba. Asubiri wiki 6 hivi.

Kwa nini nasisitiza T4 ipimwe pamoja na TSH, wakati maabara nyingi hupima TSH peke yake ili kupunguza gharama? Kwa sababu ya yale mambo mengine mawili, damu na maziwa. Mama akipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoamrisha tezi nyingine zote, huweza kukosa damu na sehemu yake kufa. Huitwa ugonjwa wa Sheehan. Si wa kawaida, lakini hupatikana zaidi kule ambako akina mama hutokwa na damu nyingi wakijifungua, na huweza kukaa miaka bila kutambuliwa. Dalili zake: maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani na sehemu za siri zinapungua, baridi, uchovu, presha kushuka akisimama. Kwa dada yako dalili mbili zimefichwa. Hedhi kutorudi itasingiziwa sindano, na presha kushuka itasingiziwa Aldomet. Katika ugonjwa huu TSH inaweza kutoka *ya kawaida* kwenye karatasi, kwa kuwa tezi inayoitoa ndiyo iliyoumia. T4 peke yake ndiyo itakayoonekana iko chini.

Basi ikitokea T4 chini na TSH isiyopanda, asipewe levothairoksini siku hiyo. Kwanza ipimwe kotisoli (homoni ya tezi zilizo juu ya figo) ya saa 2 asubuhi. Kama kotisoli nayo imeshuka, haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, hutangulia na levothairoksini hufuata. Ukigeuza mpangilio huo mwili hutumia kotisoli kidogo iliyobaki, mgonjwa akaanguka na anaweza kufa. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, asitibiwe dukani. Na kotisoli haisomeki kwa mtu anayepaka klobetasoli au kumeza deksamethasoni, ndiyo maana mfuko wa dawa ulitangulia.

Vilivyobaki vya duru hii niviseme kwa haraka. Sukari ya asubuhi ikifika 7.0 ni ya kisukari, ila irudiwe siku nyingine kama hana dalili. Damu ipimwe mapema, kwa kuwa ikikaa kwenye chupa ya kawaida hula sukari yake yenyewe, na sampuli inayosafirishwa saa kadhaa hutoa jibu la chini kuliko ukweli. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita) nayo hupotoka kwa mwenye upungufu wa damu au selimundu. Sodiamu chini ya 135 huleta uchovu na kuchanganyikiwa, na fluoksetini yenyewe inaweza kuishusha, hasa kwa wazee wanaomeza pia vidonge vya kukojoza vya presha. Kipimo cha VVU cha kliniki ya wajawazito hakisemi chochote kuhusu leo. Kaswende iliyoingia kwenye mishipa ya fahamu hubadilisha tabia na kumbukumbu, na tiba yake ni penisilini. Mimba, kwa sababu hubadilisha uchaguzi wa karibu kila dawa.

Duru ya pili, kwa mwenye sababu tu

B12 ipimwe kwa anayemeza metifomini au omeprazoli kwa miaka, asiyekula nyama, mayai wala maziwa, aliyekatwa sehemu ya tumbo, au mwenye ganzi miguuni na kuyumba gizani. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kosa kubwa hapa ni kumpa foliki peke yake: damu hupanda, karatasi hupendeza, huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika.

Kalsiamu ipimwe kwa mwenye mawe ya figo, kiu, choo kigumu na maumivu ya mifupa. Makohozi na X-ray ya kifua kwa anayekohoa wiki 2, anayetoka jasho usiku au kukonda. Mtu anayekoroma, anayekata pumzi usingizini na kuamka amechoka achunguzwe usingizi. Picha ya ubongo ni kwa mwenye dalili za ubongo nilizotaja mwanzoni, aliyeanguka na kugonga kichwa, aliyebadilika tabia kabisa, au anayeanza sonona ya kwanza uzeeni pamoja na kusahau. Aliyepata kiharusi ahesabiwe kuwa hatarini, kwa kuwa karibu theluthi moja yao hupata sonona. Na mgonjwa aliyetoka maeneo yenye mbung'o, mwenye homa za kurudi na usingizi uliogeuka mchana kuwa usiku, apimwe malale.

Vya kutolipia

Ile mashine ya kushika kijiti mkononi inayotoa kurasa za "hali ya mwili mzima" haipimi damu, homoni wala kitu kingine. Ikiwa ndiyo "mwili mzima" anaousema mama, hifadhini pesa hizo kwa T4. Widali (kipimo cha taifodi) ya kurudiarudia, hapana; hutoka chanya kwa watu wengi wasio na taifodi, na mara nne alizotibiwa dada yako pengine zilikuwa uchovu huu huu ukipewa jina jingine. Hakuna kipimo cha damu cha kemikali za furaha za ubongo kinachosaidia kuamua tiba. Vitamini D imesifiwa mno: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, watu wazima 18,353 walifuatiliwa kwa takriban miaka 5, na uniti 2,000 kwa siku hazikuzuia sonona.

Majibu yakitoka

Yakitoka mabaya, tibuni kilichoonekana *na* sonona kwa pamoja. Mtu mwenye himoglobini 8 anayejiona mzigo hahitaji kusubiri miezi 3 ya vidonge vya chuma ndipo asikilizwe. Anayeanza levothairoksini aimeze alfajiri tumbo tupu, kwa maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai, na masaa 4 mbali na kidonge cha chuma. Vikimezwa pamoja hufungana tumboni na homoni haiingii. TSH irudiwe wiki ya 6 mpaka ya 8, si kabla, kwa kuwa hubadilika polepole.

Yakitoka mazuri yote, msimwambie "huna ugonjwa". Ana ugonjwa, na sasa mnajua unakaa wapi. Hapo daktari aangalie kupandisha fluoksetini mpaka miligramu 40, na kumuunganisha na mtu wa ushauri nasaha. Kabla ya kupandisha, daktari aulize swali moja linalosahaulika: je, aliwahi kuwa na siku nne au zaidi za kulala kidogo mno bila kuchoka, maneno mengi, mipango mikubwa na pesa kutoka ovyo? Akisema ndiyo, huenda ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na fluoksetini peke yake inaweza kumrusha juu. Aulizwe pia, mume akiwa nje ya chumba, kama kuna kipigo au manyanyaso nyumbani. Akipata nafuu, dawa iendelee miezi 9 mpaka 12 kisha ipunguzwe pamoja na daktari.

Siku ya miadi mwende wawili, na mfuko wa dawa, karatasi ya tarehe na kadi ya kliniki ya uzazi inayoonyesha kiasi cha damu kilichopotea. Mwambieni daktari hivi: "Alijifungua miezi 14 iliyopita akapoteza damu nyingi, maziwa hayakutoka, bado anameza Aldomet, na yuko wiki ya tano ya fluoksetini. Tunaomba apimwe FBP, TSH pamoja na T4 huru na sodiamu, na tujue kama Aldomet bado inahitajika." Sampuli ichukuliwe asubuhi kabla hajala, ili sukari na, ikihitajika, kotisoli vitoke kwenye mchomo huo huo mmoja.